Hedifoni Nzito

Kihesa, Iringa
11 Februari 2024

Mwanangu Esta,

Mwezi huu natimiza miaka arobaini na mitatu tangu niondoke Mbeya. Niliaga kwamba nakwenda Iringa kwa muda mfupi, kuwasaidia watu wa kanisa kufunga mitambo ya studio ya kurekodia kwaya na mahubiri, na begi nililokuja nalo lilikuwa na nguo za muda huo mfupi. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Baba yako, mdogo wangu Isakwisa, alikuwa bado anavaa kaptula ya shule, na ndiye aliyenibebea begi hadi stendi.

Nimeambiwa una duka la vifaa vya sauti hapo Mwanjelwa, na kwamba watu wa kwaya na wa harusi wanakuja kwako kutoka Tukuyu hadi Tunduma. Nimefurahi. Ukoo wetu una mtu mwingine mwenye kuijali sauti.

Nina shida, na sitaki kuipeleka kwa wauza simu wa hapa. Studio ilipohamia kwenye kompyuta, wakubwa waliniruhusu kuchukua mashine moja ya kanda na hedifoni nilizokuwa nikizitumia kazini. Hedifoni hizi ni nzito sana. Nikiziunganisha na mashine, sauti inatoka mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Nahitaji amplifaya ya hedifoni. Sihitaji ya kutikisa ukumbi. Nahitaji ndogo, ya mtu mmoja.

Usijisumbue kunipigia simu, simu yangu imeharibika upande wa sauti, na kioo chake kimepasuka hata meseji hazisomeki. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Nawe ukijibu fanya hivyohivyo.

Baba yako mkubwa,
Andendekisye


Mwanjelwa, Mbeya
17 Februari 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Kondakta alivyoniita kwa jina katikati ya watu na kunikabidhi bahasha, majirani zangu wa duka walidhani nimepelekwa mahakamani. Nimewaambia ni barua, wakauliza barua ya nini. Nimewaambia ni barua tu, ya kusalimiana na kuagiza kitu. Hawajaniamini mpaka leo.

Kuhusu hedifoni. Kama ni nzito na zinakuchosha shingo, baba mkubwa, achana nazo. Ninazo nyepesi nzuri sana, hazina hata waya, unavaa unasahau kama umevaa. Amplifaya hutaihitaji.

Lakini kama umezizoea hizo za zamani, basi niambie mambo matatu kabla sijakuchagulia. Wateja wengi wakija wanauliza ipi ina sauti kubwa kuliko zote. Nikiwapa hiyo wanarudi wiki inayofuata wakisema inakoroma. Kwa hiyo siku hizi nawauliza mimi kwanza: inaunganishwa na nini, utaitumia ukiwa wapi, na unasikiliza nini? Mtu wa gospo na mtu wa taarifa ya habari hawanunui kitu kimoja.

Baba anakusalimu. Anasema tangu mama mkubwa Damari atangulie ni miaka mitano sasa, hamkujaliwa mtoto, unakaa na nani huko? Ameanza kujenga chumba nyuma ya nyumba. Hakusema ni cha nani, ila alinituma niulize kama unapenda dirisha litazame mlimani au barabarani.

Mwanao,
Esta


Kihesa, Iringa
24 Februari 2024

Mwanangu Esta,

Marahaba. Umenichekesha, na si mara nyingi siku hizi.

Sikusema uzito wa kilo. Sisi wa studio tulikuwa tukisema hedifoni ni nzito kama zinataka msukumo mkubwa kabla hazijasema. Zangu zimeandikwa ubavuni omu mia sita, na omu ndicho kipimo cha ugumu huo. Hizi za siku hizi za kuchomeka kwenye simu nadhani hazizidi omu thelathini na kitu, ndiyo maana hata betri ndogo inaziimbisha. Zangu ni kama mlango wa zamani wa mninga. Ukisukuma kwa kidole haufunguki, lakini ukishafunguka unaingia mzima. Sitaziacha.

Sasa majibu yako. Mashine ya kanda ina matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe, na hedifoni zina pini nene, si ile nyembamba ya simu. Nitatumia nikiwa nyumbani, mezani, karibu na dirisha. Umeme hapa unakatika bila kuaga, kwa hiyo ukipata yenye betri ya kuchaji itafaa zaidi. Na iwe tulivu yenyewe. Kanda ina mvumo wake wa kutosha, sitaki mashine iongeze wa kwake.

Ninachosikiliza ni maneno, si muziki. Ni mtu mmoja, mwanamke, anaongea kwa sauti ya chini, karibu sana na maikrofoni kuliko inavyotakiwa.

Ni Damari. Siku nyingi alikuwa akinitania kwamba mimi ni mwanamume nisiyemsikiliza mtu mpaka awe kwenye kanda. Alikuwa anasema nikirudi kazini naweza kueleza kila pumzi ya mhubiri fulani, lakini yeye akiniambia chumvi imekwisha inabidi arudie. Basi alipoanza kuumwa, siku moja nikiwa nimetoka, aliwasha mashine mwenyewe akaongea. Hakuniambia. Kanda niliikuta mwaka jana nilipokuwa nahamisha kabati, kwenye jalada la kwaya ya Mgololo, na mwandiko wake ukisema: Sikiliza sasa.

Kuhusu dirisha, mwambie baba yako asubiri kidogo.

Baba yako mkubwa,
Andendekisye


Mwanjelwa, Mbeya
9 Machi 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Nimesoma barua yako nikiwa dukani na ikabidi nifunge mlango kidogo.

Amplifaya ndiyo hiyo kwenye boksi. Nimeizungushia gazeti na nguo ya kitenge, kitenge usirudishe. Nimeichagua kwa sababu inasukuma hata hizo za omu mia sita bila kuhema. Ina tundu nene, ina betri, na nimeiwasha bila kitu chochote nikaweka hedifoni masikioni, haina mvumo kabisa, kimya kama kisima. Waya wa nyekundu na nyeupe umo humo. Anza sauti ikiwa chini kabisa, kisha panda polepole.

Usinitumie hela yoyote kwanza. Isikilize wiki nzima. Isipokufaa irudishe, hivyo ndivyo ninavyofanya na wateja wote, siyo wewe tu.

Chumba kimefika kwenye lenta. Baba ameamua dirisha litazame mlimani. Anasema ukilalamika utatoboa jingine mwenyewe.

Kwenye boksi kuna na mchele kidogo wa Kyela.

Mwanao,
Esta


Kihesa, Iringa
20 Machi 2024

Mwanangu Esta,

Boksi limefika salama. Kitenge nimekitandika mezani.

Amplifaya yako ni mashine ya heshima. Hedifoni zimeamka. Sauti nzito inatoka kamili, ngoma ya kwaya inagonga kifuani, na Damari yuko karibu hata nilipomsikia anavuta kiti nilisogea kumpisha. Lakini ina kasoro. Juu imekatwa. Herufi nyembamba hazitoki: esi inapotea, efu inapotea, na "sh" inabaki upepo. Mhubiri kwenye kanda nyingine anasema neno nami inabidi nilimalizie. Nadhani aliyeitengeneza aliweka nguvu zote kwenye besi, kama wanavyofanya siku hizi. Nairudisha.

Nitakueleza kwa nini jambo dogo hivi linanisumbua, halafu utamweleza baba yako kwa namna yako.

Mimi ni Mnyakyusa na Damari alikuwa Mhehe wa Idodi. Yeye hakukijua Kinyakyusa, nami Kihehe changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa nyumba yetu. Baba yangu, babu yako, hakuipenda ndoa hiyo. Kule kwetu Rungwe walisema nimeolewa. Sikuoa, nimeolewa. Neno hilo lilinifuata miaka mingi, na wakati mwingine lilimfuata yeye zaidi.

Kwenye kanda anaongea mambo mengi ya nyumba, nani tumrudishie sufuria, miche ipi ya parachichi isikatwe. Karibu na mwisho anasema hivi: "Andende, nikitangulia mimi, urudi kwenu. Watu watasema, waache waseme." Kisha anakohoa na kuzima.

Nimeyafikiria maneno hayo tangu mwaka jana. Sikuwa na nia ya kurudi. Lakini ni yeye aliyesema, na hii ni mara ya kwanza kumsikiliza bila yeye kurudia. Mwambie baba yako nakubali. Nitakuja mwezi wa sita.

Kuna kitu kimoja tu. Kati ya "u" na "rudi" kuna nafasi. Ni fupi mno. Mtu mwingine asingeijua, lakini mimi nimekata kanda kwa wembe na kuiunga tena maisha yangu yote ya kazi, na nafasi naijua. Labda utepe umekunjika hapo. Ningependa kuisikia sentensi hiyo safi kabla sijafunga mlango wa nyumba hii. Kama una amplifaya isiyokata juu, nitafutie.

Baba yako mkubwa,
Andendekisye


Mwanjelwa, Mbeya
8 Aprili 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Sijui nianzie wapi. Tumerudi kutoka Kyela jana, na jirani yetu mama Rozalia akatuletea kapu la vitunguu vya Ilula na kutuambia kwamba Jumamosi ya Pasaka alikuja mzee mrefu, mpole, mwenye koti zuri, akagonga geti letu mpaka mbwa wa mtaa wakachoka kubweka. Anasema alikukaribisha chai na wewe ukasema hapana, watakuwa sokoni hawa, watarudi sasa hivi. Anasema ulikaa juu ya begi lako mpaka jua lilipohama upande wa pili wa barabara. Kisha ukamwachia kapu.

Baba hajala tangu jana. Kwanza alikasirika, akasema kaka yake amefanya makusudi ili watu waone alifungiwa geti. Baadaye akachukua ufagio akafagia pale getini ulipokuwa umekaa.

Mimi nilikuwepo alipokupigia simu kabla ya Pasaka, baba mkubwa, ingawa ulikataza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake namenya ndizi, na simu ilikuwa kwenye spika. Alisema, "Kaka, usije Pasaka, tunakwenda Kyela." Nawe ukamjibu, "Asante mdogo wangu, nitakuja." Baba alicheka, akadhani unamaanisha siku nyingine.

Amplifaya uliyorudisha nimeipima. Nimesikiliza kwa hedifoni zangu, kisha nikamwomba rafiki yangu mmoja wa redio aniazime zake, nzito kama zako. Nilitumia kanda ya mahubiri, ya zamani, nikaweka sauti ya kawaida. Esi zote zipo. Efu zipo. Nilisikia hata karatasi zikigeuzwa.

Naomba nikuulize jambo kwa heshima zote, na usiponijibu sitakasirika. Asubuhi hapo Kihesa, ndege unawasikia?

Mwanao,
Esta


Kihesa, Iringa
15 Aprili 2024

Esta,

Mwambie baba yako sikufanya makusudi. Nilikosea tarehe. Watu wa umri wangu hukosea tarehe. Nyumba ya wageni nilimolala ilikuwa safi na walinipa maji ya moto. Vitunguu mle, vitaoza.

Simu ilikuwa inakwaruza. Nilishakuandikia tangu mwanzo kwamba ni mbovu.

Umeniuliza habari za ndege. Walikuwepo wengi, kwenye mikaratusi nyuma ya shule. Miaka michache iliyopita waliikata baadhi ya miti ile, na tangu hapo kukawa kimya. Nilidhani wameondoka. Nilimwambia hata mchungaji kwamba tumewafukuza ndege, naye akaniangalia bila kunijibu, nikadhani amekubaliana nami kwa huzuni.

Jana nilikwenda kusimama chini ya miti iliyobaki. Wapo. Nimewaona wanafungua midomo.



Andendekisye


Mwanjelwa, Mbeya
3 Mei 2024

Shikamoo baba mkubwa,

Nimechelewa kwa sababu niliyokuwa naitafuta haikuwepo Mbeya nzima. Nimeagiza, imekaa njiani, imefika jana.

Hii si kubwa kuliko ile ya kwanza, na kwa nguvu ile ya kwanza inaishinda kidogo, ingawa nayo inazisukuma hedifoni zako. Mteja mwingine nisingempa hii, maana ukiangalia karatasi yake ya vipimo hutaona cha ajabu. Nimeichagua kwa ajili ya vitufe viwili vya kuzungusha vilivyo mbele. Cha kushoto ni besi, cha kulia ni trebo, zile sauti nyembamba za juu. Nilikosea mara ya kwanza. Nilikuuliza mashine yako, mahali pako na kanda yako, nikasahau kumuuliza atakayesikiliza. Siku hizi nimeongeza swali la nne dukani, na watu wengine wananiona sina adabu.

Fanya hivi. Besi irudishe nyuma mpaka mama mkubwa Damari asikike amekonda. Usishtuke. Kisha trebo izungushe kulia yote. Mvumo wa kanda utapanda, uvumilie, hauumi. Halafu ongeza sauti kidogokidogo na usipite pale panapoanza kukuumiza.

Chumba kimepakwa rangi, kijani hafifu. Baba amenunua kitanda, akakilalia yeye mwenyewe mchana mmoja kuona kama kinalia. Jana nimemkuta amesimama humo ndani, mikono nyuma, anatazama mlima kwenye dirisha lako. Hajawahi kukuambia, na mimi siyo wa kusema, lakini amekungoja tangu alipokubebea lile begi. Anawaambia watu wote wa mtaa, kaka yangu anarudi mwezi wa sita. Mimi pia nimewaambia. Nilishaanza kupanga ni siku zipi ungekuja kukaa dukani, unisaidie kuwajibu hawa watu wa kwaya.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, baba mkubwa, na usimwambie baba kwamba nimeandika hivi. Kabla hujafunga mizigo, kabla hujampa mtu yeyote sufuria wala meza, sikiliza tena ile sentensi ya mama mkubwa. Ukiwa umezungusha kitufe cha kulia.

Mimi sijaisikia hiyo kanda na siwezi kukuambia inasema nini. Naomba tu uisikilize.

Mwanao,
Esta


Kihesa, Iringa
19 Mei 2024

Mwanangu Esta,

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Besi nyuma, trebo kulia yote.

Mvumo ulipanda kama mvua juu ya bati. Damari akakonda kweli, akawa sauti ya mtu anayeongea kwenye bomba, na kwa muda kidogo nilikuchukia kwa kumharibu. Kisha akataja sufuria. "Sufuria ya mama Saulo." Nilishika kingo za meza. Neno hilo nilikuwa nalijua kwa maana yake tu, Esta, sikuwa nimelisikia. Esi haikuja kama ilivyokuwa ikija zamani. Ilikuja nyembamba, kavu, kama unga unaopita kwenye chekeche. Lakini ilikuja.

Nikasubiri mwisho.

Nafasi ile haikuwa mkunjo wa utepe. Imejaa. Ndani yake kuna esi, na baada yake "i" fupi ambayo nilikuwa naimeza pamoja nayo. "Andende, nikitangulia mimi, usirudi kwenu. Watu watasema, waache waseme."

Nilirudisha nyuma mara nyingi, mpaka betri ilipoanza kuwaka taa nyekundu. Usirudi.

Nataka nikueleze kosa hili lilivyokuwa, kwa sababu wewe ni wa kazi hii na utanielewa. Sikio linalopoteza herufi halikuambii limepoteza. Linajaza lenyewe. "Watasema" nililijaza bila shida, kwa kuwa pale hapakuwa na neno jingine la kuingia. Lakini Kiswahili chetu kimeweka katazo lote ndani ya silabi moja, na silabi hiyo imesimama juu ya esi. Ikiondoka, uje na usije ni kitu kimoja, urudi na usirudi ni kitu kimoja. Mtu asiyesikia esi hakatazwi. Kila anachoambiwa ni ndiyo. Ndiyo maana nilikaa juu ya begi langu getini kwenu, nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimekaribishwa na kwamba Kyela tunakwenda wote.

Nawe ulijua. Uliposoma sentensi yangu, ukiwa umesikia kwa masikio yako jinsi "usije" ya baba yako ilivyonifikia, ulijua inaweza kuwa nini. Ungenyamaza tu, mimi ningekuja. Chumba kilikuwa tayari, baba yako angefurahi, wewe ungepata mtu wa kukaa naye dukani, na mimi ningekufa nikiwa nimetii neno ambalo halikusemwa. Badala yake umenitumia mashine nijisikilizie mwenyewe. Hukunipa jibu, na hilo ndilo ninalokushukuru zaidi. Ndaga, mwanangu.

Nimejiuliza kwa nini alisema hivyo. Alikwenda nami Rungwe kwenye msiba wa babu yako. Wanaume walikuwa wamekaa nje, na mmoja akaniuliza kwa sauti kama mke wangu amenipa ruhusa ya siku ngapi. Watu walicheka, nami nikacheka nao, na kesho yake nikawa nimesahau. Yeye alikuwa jikoni na wanawake, dirisha likiwa wazi. Alisikia kila kitu. Njia nzima kurudi Iringa hakusema neno, nikadhani amechoka na safari. Nadhani aliona kwamba akiondoka yeye, nitarudi kule kwa kuona aibu kubaki, kama mtu ambaye mkataba wake umekwisha. Kwa miaka mitano ndivyo nilivyokuwa nikiishi hapa, najiuliza niko kwa ruhusa ya nani. Ruhusa ilikuwa kwenye kabati, kwenye jalada la kwaya.

Sitaki ufikiri kwamba hapa nina raha. Nyumba hii ni tupu. Siku nyingine mchana unafika sijafungua mdomo, na nikienda dukani mwenye duka ananiuliza mkate au maandazi, nami namjibu swali jingine, na watu nyuma yangu wanatazama chini kwa adabu. Kanisani naangalia mdomo wa mchungaji na kusimama wanaposimama wengine. Kwenu kungekuwa na watu mezani. Nimelifikiria hilo kwa uzito wote. Nimefikiria pia kwamba mezani kwenu mngekuwa mnaongea, mnacheka, na mimi ningekuwa nacheka mkishamaliza.

Jumanne ijayo nakwenda hospitali kupimwa masikio. Kama kuna kifaa, nitakivaa. Amplifaya hii nabaki nayo. Andika kwenye barua ijayo nikutumie kiasi gani, na usinifanyie bei ya ndugu.

Kwa baba yako nimeandika barua yake mwenyewe, imo ndani ya hii, mpe akiwa ameshakula. Nimemwambia kwamba kosa ni la masikio yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba wewe hukunishawishi lolote. Nimemwambia pia aje yeye Iringa, nimwoneshe Idodi alipolala Damari, maana msibani alikuja mchana na kuondoka siku ileile, hakupaona vizuri. Akija, aongee nami uso kwa uso na asifunike mdomo kwa mkono kama alivyozoea. Chumba cha kijani kichukue wewe, kina ukimya wa kutosha kupimia spika zako kabla hujawapa wateja.

Ninyi mmenikaribisha kweli, na hilo nimelisikia lote, halikupungua hata herufi. Usinielewe vibaya, na umsaidie baba yako asinielewe vibaya.

Sitarudi Mbeya.

Baba yako mkubwa,
Andendekisye